Maswali ya Wasomaji: Magombo, Chapa na Hariri za China

Barua za safari hii ni nyingi, na zaidi ya nusu zinauliza jambo moja: "Je, nilicho nacho ni cha kweli?" Tutajibu. Tunawaomba tu wasomaji wasikimbilie sahihi na mihuri kabla ya kutazama karatasi, gundi na nyuzi. Jina huandikwa na yeyote mwenye brashi, ila karatasi ya miaka mia si rahisi kuighushi.

Ndugu Mhariri, nimenunua gombo la kutundika lenye picha ya uduvi waliochorwa kwa wino mweusi, na muhuri mwekundu pembeni. Muuzaji aliniambia limechorwa kwa mkono. Rafiki yangu anasisitiza kuwa ni chapa. Nitajuaje?

Tafuta kioo cha kukuzia mara 10, tochi, na mahali penye mwanga wa mchana usio wa jua kali. Usianze na sahihi. Anza na sehemu ya kijivu hafifu, mahali ambapo wino ulichanganywa na maji mengi, kwa mfano mgongo wa uduvi. Hapo ndipo chapa nyingi hujifichua.

Ukiona vitone vya duara vilivyopangwa kwa mistari, vya buluu, waridi, njano na nyeusi, hiyo ni chapa ya mashine ya ofseti. Ukiona vumbi la vitone vidogo vilivyotawanyika bila mpango, na rangi imekaa juu ya karatasi kama poda, hiyo ni printa ya wino. Aina ya tatu ndiyo inayowanasa wengi: kolotaipu, ambayo ilienea China mwanzoni mwa karne ya 20. Hii haina vitone hata kimoja. Kijivu chake kinapanda na kushuka taratibu kama cha mchoro, lakini ukikaza macho utaona vijinyufa vyembamba vilivyopinda-pinda, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Ni alama ya utando wa jelatini uliotumika kuchapia. Kolotaipu nyingi zilipigwa muhuri halisi kwa mkono baada ya kuchapwa, kwa hiyo muhuri wa kweli si ushahidi wa picha ya kweli.

Mchoro wa mkono kwenye karatasi mbichi ya Xuan una tabia nyingine kabisa. Karatasi hii hutengenezwa wilaya ya Jing, mkoani Anhui, kwa maganda ya mti uitwao qingtan pamoja na majani makavu ya mpunga, nayo hunywa wino mara tu brashi inapoigusa. Wino huingia ndani ya nyuzi na kuenea ukingoni kama manyoya. Pale mipigo miwili ya brashi inapopishana hubaki mstari mwembamba wa mpaka, na mchoraji hawezi kuufuta. Mashine inaweza kuiga umbo la mstari huo, lakini haiwezi kuuingiza ndani ya karatasi. Washa tochi nyuma ya gombo: kwa kawaida wino wa kweli huonekana na uzito unaotofautiana kufuatana na brashi ilivyolemea, ilhali wa mashine huwa bapa.

Kisha utazame muhuri. Wino mzuri wa muhuri ni zinjifuri, yaani madini mekundu, iliyosagwa na kuchanganywa na mafuta ya mbarika na nyuzi laini za mmea. Ni mzito, hukaa juu ya karatasi na kuinuka kidogo. Ukiangaza tochi kutoka ubavuni utaona kivuli chembamba ukingoni mwake. Muhuri uliochapwa hauna mwinuko. Muhuri wenye duara la mafuta ya manjano kuuzunguka ulipigwa kwa wino duni, na hiyo ni sababu ya kutilia shaka jina kubwa lililoandikwa kando yake.

Kuna chapa moja ambayo hata kioo cha mara 10 huhangaika nayo: chapa ya vibao kwa rangi za maji, kazi ya nyumba za uchapaji kama Rongbaozhai ya Beijing na Duoyunxuan ya Shanghai. Hapo kila rangi, na mara nyingi kila kiwango cha rangi, huchongewa kibao chake, kwa kawaida cha mti wa mpea. Huchapwa kwa wino uleule na rangi zilezile za mchoraji, juu ya karatasi ileile. Rongbaozhai walipotoa nakala ya gombo maarufu la kale la karamu ya usiku ya Han Xizai walichonga vibao zaidi ya 1,600. Katika chapa za namna hii tafuta mambo mawili. Kwanza, mikwaruzo ya brashi kavu: brashi huacha michirizi inayofifia yenyewe, ilhali kisu huacha ncha zilizokatika kwa ukali. Pili, ukingo wa rangi nyepesi: mara nyingine rangi hujikusanya kufuata mpaka wa kibao hata pale ambapo mchoraji asingekuwa na sababu ya kusimama. Na usome pembe za chini. Nyumba hizi haziwi na haya na kazi yao. Mara nyingi utakuta muhuri mdogo wenye herufi 木版水印, maana yake chapa ya vibao kwa maji. Ukiikuta usisikitike. Chapa nzuri ya Rongbaozhai ni kitu cha kukusanya kwa thamani yake yenyewe, na sisi tungeichagua kabla ya mchoro mbovu wenye jina kubwa.

Kuhusu uduvi: ni alama ya Qi Baishi, naye ni miongoni mwa wachoraji walioghushiwa zaidi China. Ikiwa kioo kimethibitisha kwamba picha ni ya mkono, umejua tu kwamba kuna mtu aliyeichora. Nani? Hilo ni swali jingine, na ndilo gumu zaidi.

Nisaidieni kusoma tarehe. Kwenye gombo langu kuna herufi mbili, 辛亥, kabla ya sahihi. Muuzaji anasema ni 1911.

Huenda anasema kweli, na huenda amekosea kwa miaka 60. Wachina walihesabu miaka kwa duru ya 60, wakiunganisha herufi moja kati ya 10 na herufi moja kati ya 12. Duru ikiisha inaanza upya, hivyo 辛亥 (xinhai) ni 1851, 1911 na 1971 pia.

Ipo njia ya mkato. Herufi ya kwanza hukupa tarakimu ya mwisho ya mwaka: 甲 ni 4, 乙 ni 5, 丙 ni 6, 丁 ni 7, 戊 ni 8, 己 ni 9, 庚 ni 0, 辛 ni 1, 壬 ni 2 na 癸 ni 3. Herufi ya pili ni mnyama wa mwaka: 子 panya, 丑 ng'ombe, 寅 chui milia, 卯 sungura, 辰 joka, 巳 nyoka, 午 farasi, 未 mbuzi, 申 nyani, 酉 jogoo, 戌 mbwa, 亥 nguruwe. Basi 辛亥 ni mwaka wa nguruwe unaoishia na 1. Mwaka wa panya ni rahisi kuukumbuka: ukiugawa kwa 12 unabakiza 4, kama 1960 au 2020. Kutoka hapo hesabu kwenda mbele mpaka umfikie mnyama wako.

Halafu linganisha na uhai wa mchoraji na umri wa karatasi. Tochi ya mionzi ya urujuanimno husaidia hapa. Dawa za kung'arisha karatasi zilianza kuenea viwandani kuelekea miaka ya 1950, nazo hung'aa buluu-nyeupe chini ya mionzi hiyo. Karatasi ya picha inayong'aa hivyo si ya 1911. Hakikisha tu unaipima picha yenyewe na siyo karatasi ya mgongoni, kwa sababu gombo la zamani linaweza kuwa limewambwa upya juzi, yaani limebandikwa karatasi mpya mgongoni.

Tarehe nyingine utakazokutana nazo ni za enzi za wafalme, kama Qianlong (1736–1795) au Guangxu (1875–1908), na za Jamhuri, zinazoandikwa 民國: hapo jumlisha 1911 kwenye namba ya mwaka, ili mwaka wa 20 uwe 1931. Wachoraji wengine huandika umri wao badala ya mwaka. Huyo Qi Baishi ana mtego wake: mwaka 1937 alijiongezea miaka miwili kwa ushauri wa mpiga ramli, kwa hiyo kazi aliyoiandikia umri wa miaka 88 ni ya 1948. Waghushi wasiojua habari hiyo hukosea hesabu.

Gombo langu limeanza kujikunja kingo kuelekea ndani, na kuna mistari ya mikunjo inayokatiza picha kwa upana. Fundi wa fremu ameshauri tulipige pasi kwa nyuma. Je, ni sawa?

Hapana, tafadhali usikubali. Pasi hubandua na kuponda rangi za mawe yaliyosagwa, hasa buluu na kijani, na huyakomaza madoa ambayo mtaalamu angeweza kuyaosha. Utepe wa kunata pia usiuguse: gundi yake hupenya karatasi na kugeuka doa la kahawia ambalo mara nyingi halitoki tena.

Ili ujue kilichoharibika, lijue gombo lilivyo. Picha yenyewe ni ngozi nyembamba mno. Nyuma yake hubandikwa karatasi ya kwanza, ambayo mafundi wa China huiita karatasi ya uhai, kwa sababu ikibanduliwa vibaya picha huondoka nayo. Kisha picha huzungushiwa hariri nyepesi yenye nakshi za kufumwa. Hariri ya juu huitwa mbingu na ya chini huitwa ardhi, na ile ya juu hupewa urefu zaidi, takriban tatu kwa mbili. Halafu tabaka la mwisho la karatasi hushika vyote pamoja. Gundi yake ni wanga wa ngano uliotolewa utomvu wake unaonata, ukapikwa, kisha ukalainishwa kwa maji mpaka uwe mwepesi. Gombo zima hubandikwa ukutani au kwenye ubao kwa kingo zake tu, likaachwa kukauka kwa siku au hata wiki kadhaa. Mwisho mgongo hupakwa nta kidogo na kusuguliwa kwa jiwe laini ili ujikunje bila kukwaruza. Juu huwekwa ufito wenye umbo la nusu duara, chini gongo la duara lenye vifundo viwili.

Kingo zikijikunja, mara nyingi gundi ilikuwa nzito mno, au gombo lilibanduliwa ukutani kabla ya kukauka sawasawa, au limehifadhiwa pakavu kupita kiasi kisha likatundikwa penye unyevu. Tabaka moja linavuta kuliko jingine. Mikunjo ya kukatiza ina chanzo kingine: gombo lilikazwa sana kwenye gongo jembamba, tena kwa miaka. Mwanzoni mkunjo ni tuta dogo tu. Kila unapolifungua na kulifunga, kichwa cha tuta kinasuguliwa, rangi inapukutika, na hatimaye karatasi inakatika.

Mwambaji mzoefu hulilaza gombo kifudifudi juu ya meza yenye taa, akaitafuta mikunjo kwa mwanga wa kupenya, na kubandika nyuma ya kila mmoja ukanda wa karatasi nyembamba wa milimita 2 au 3. Ncha za kanda hizo hazipaswi kuishia kwenye mstari mmoja, la sivyo mstari huo utakuwa mkunjo mpya. Muulize fundi wako jambo hilo kabla hujamkabidhi gombo. Akikosa jibu, tafuta mwingine. Ikiwa karatasi imekatika pengi, dawa ni kuliwamba upya lote. Hiyo ni kazi ya maji mengi na hatari ya kweli kwa wino na rangi, na haifanywi kwa sababu ya urembo tu.

Uliza pia kama atatumia wanga au filamu ya gundi inayoyeyushwa kwa joto la mashine. Njia ya mashine ni ya haraka na rahisi, na gombo hutoka limenyooka kama ubao. Baada ya miaka filamu huweza kufanya malengelenge, na kuibandua bila kuiumiza picha ni kazi ngumu mno. Kwa bango la mapambo haidhuru. Kwa picha unayoijali, usikubali chochote ila wanga.

Kwa kuwa wasomaji wengine watatu wameuliza namna ya kulitundika, tuieleze hapa. Osha mikono na uikaushe vizuri. Glavu za pamba hunasa nyuzi za hariri. Laza gombo mezani, fungua kamba, toa kipande cha karatasi kilichowekwa chini yake kuzuia alama. Fungua kama sentimita 30 tu. Inua kitanzi cha juu kwa fimbo ya mwanzi yenye ncha iliyogawanyika mara mbili, huku mkono wa pili umeshika gongo la chini kwa katikati, ukitundike, kisha shuka na gongo polepole mpaka mwisho. Usiliachie lianguke, uzito wake hupasua hariri ya juu. Kulifunga ni kinyume chake: kunja kutoka chini kwa mikono miwili, kingo zikienda sambamba. Zikipishana, fungua tena uanze upya. Usilisokote ili likaze. Gombo lililofungwa vizuri hulegea kidogo ukilibonyeza.

Wiki mbili au tatu ukutani zinatosha, kisha lipumzike. Mwanga usizidi luksi 50 na jua lisiliguse kabisa. Unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 50 na 60. Ukipita 65 ukungu huanza kujialika. Siku ya mvua kubwa usilifungue.

Magombo ya mkononi, yale marefu ya kulala, hayatundikwi. Yanasomwa mezani kutoka kulia kwenda kushoto, kiasi cha upana wa mabega kwa wakati mmoja, mkono wa kulia ukikunja kadiri wa kushoto unavyofungua. Ukilitandaza lote kwa pamoja hulioni vizuri zaidi, unalivuta tu.

Vifundo vya gombo la bibi yangu ni vya rangi ya maziwa, vyenye mistari myembamba iliyopishana. Ni mfupa?

Mistari inayopishana kama wavu kwenye sehemu iliyokatwa kwa upana ni alama ya pembe za ndovu. Mfupa huwa na vijishimo vyeusi badala yake. China ilifunga biashara yake ya ndani ya pembe za ndovu mwishoni mwa 2017, na nchi nyingi zina makatazo yao, kwa hiyo usiliuze wala kulivusha mpaka kabla ya kujua sheria. Mwambaji anaweza kuweka vifundo vya mbao.

Napenda picha za mwaka mpya wa Kichina, zile za rangi kali zenye walinzi wa mlango. Kwa nini za zamani ni adimu, ilhali zilichapwa kwa maelfu?

Kwa sababu zilitengenezwa ili ziishe. Picha hizo, ziitwazo nianhua, zilibandikwa mlangoni au ukutani kwa gundi, zikakaa mwaka mzima kwenye jua, upepo na moshi, kisha mpya zikabandikwa juu yake. Picha ya mungu wa jikoni ilichomwa moto kabisa, kuelekea mwisho wa mwezi wa kumi na mbili, ili apande mbinguni kutoa taarifa za nyumba. Zilizobaki ni zile ambazo hazikuwahi kutumika: masalio ya karakana, au zilizonunuliwa na wasafiri na watafiti. Kwa hiyo ukionyeshwa "ya zamani sana" yenye mabaki ya gundi kwenye pembe zote nne, uliza ilibanduliwaje ikiwa nzima.

Jifunze kwanza karakana, ndipo uzipende picha. Za Yangliuqing, karibu na Tianjin, huchapwa mistari kwa kibao na kisha nyuso na mavazi hupakwa rangi kwa brashi, hivyo mashavu ya watoto yana wekundu unaofifia taratibu. Za Taohuawu, Suzhou, huchapwa rangi zake kwa vibao. Za Yangjiabu, mkoani Shandong, nazo ni za vibao vya rangi, mistari minene, rangi zisizochanganywa. Za Zhuxianzhen, mkoani Henan, zina maumbo mazito na macho makubwa. Za Mianzhu, Sichuan, hupakwa rangi nyingi kwa mkono kiasi kwamba mara nyingine kibao huonekana kidogo tu.

Chapa ya rangi kadhaa ina dosari inayofaa kupendwa: rangi kutokea nje kidogo ya mstari, kwa sababu kibao kimoja hakikukaa sawasawa na kingine. Katika chapa ya mkono kosa hilo hubadilika kutoka nakala moja hadi nyingine. Weka mbili kando kwa kando. Kama rangi imekengeuka kwa kiasi kilekile mahali palepale katika zote, huenda unatazama picha ya picha. Walinzi wa mlango wanunuliwe wawili wawili. Qin Shubao na Yuchi Gong hutazamana, na mmoja bila mwenzake ni nusu ya kitu.

Nimeona kitambaa kinachouzwa kama yunjin, hariri ya nakshi ya Nanjing, iliyofumwa kwa mkono, na kingine kinachofanana nacho kwa sehemu ndogo ya bei. Tofauti iko wapi?

Kigeuze. Upande wa mbele umetengenezwa ili ukupendeze; ukweli uko nyuma.

Yunjin ya mkono hufumwa kwenye kitanda chenye urefu wa mita 5.6 na kimo cha mita 4, na watu wawili: mmoja hukaa juu akivuta nyuzi za mtande (za urefu) kwa mpangilio wa nakshi, mwingine hukaa chini akipitisha mshindio (uzi wa upana). Kwa siku nzima wawili hao hupata sentimita 5 au 6 hivi. Katika aina iitwayo zhuanghua, mfumi wa chini hatumii rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo. Ana vijiti vingi vidogo vyenye nyuzi za rangi mbalimbali, na kila rangi huingia pale tu penye ua lake, ikageuka na kurudi. Ndiyo maana safu moja ya maua yaleyale inaweza kuwa na la kwanza jekundu, la pili buluu na la tatu kijani. Nyuma utaona rangi zimekaa kwenye madoa yao, zikiwa na miruko mifupi (nyuzi zinazopita bila kufumwa) na ncha zinazogeuka.

Kitambaa cha mashine hupitisha kila uzi upana mzima. Nyuma yake utaona mistari ya rangi inayokatiza kitambaa chote, au miruko mirefu iliyokatwa kwa makasi. Mbele, rangi ikibadilika, hubadilika kwa safu nzima.

Baada ya hapo angalia zari. Zari ya kale ilikuwa dhahabu iliyobandikwa kwenye karatasi, ikakatwa vipande vyembamba vya bapa, au ikazungushwa kwenye uzi wa hariri. Chini ya kioo, ukingo wa kipande bapa huonyesha nyuzi za karatasi, na dhahabu imechakaa mahali inapoguswa. Zari ya plastiki inang'aa sawasawa kila mahali, kama karatasi ya peremende.

Kipimo cha moto kimalizie shaka. Chomoa uzi wa sentimita 2 kutoka ukingo uliokatwa, ushike kwa kibano juu ya sahani ya udongo, maji yakiwa karibu. Hariri huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua, hujizima ukiitoa motoni, na majivu yake meusi husagika vidoleni. Reyoni huwaka haraka na kunuka karatasi. Poliesta hunywea, huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Pima mtande na mshindio kila mmoja peke yake, maana wapo wanaochanganya mtande wa hariri na mshindio wa poliesta ili wanunuzi wavivu wapime uzi mmoja.

Usichanganye yunjin na kitambaa kingine cha hariri kiitwacho kesi, cha Suzhou. Kesi nayo hufumwa kwa vijiti vidogo, lakini pande zake mbili hufanana, na ukiinua kitambaa kwenye mwanga utaona vipenyo vidogo pale rangi mbili zinapokutana wima. Songjin, ya Suzhou pia, ni nyembamba na yenye nakshi ndogo za kijiometri. Kwa muda mrefu ndiyo iliyofunika migongo ya magombo ya mkononi na majalada ya albamu. Anayekusanya magombo huenda tayari anayo bila kujua.

Kitambaa chenye zari kisikunjwe, kwa kuwa dhahabu hupasuka kwenye mkunjo na haishonwi tena. Kizungushe kwenye bomba lenye kipenyo cha sentimita 8 hadi 10, lililofunikwa kwa karatasi isiyo na asidi, nakshi zikitazama nje.

Picha yangu ya Ziwa la Magharibi imefumwa kwa hariri nyeupe na nyeusi, na maandishi yamefumwa chini. Ni kitu gani?

Huenda ni kazi ya Dujinsheng wa Hangzhou, karakana iliyoanzishwa 1922, ambayo ilifuma mandhari kutoka kwenye picha za kamera. Jina la karakana mara nyingi limefumwa ukingoni. Hii ni ya mashine tangu mwanzo na haikusudiwi kuwa kingine, kwa hiyo usiipime kwa kanuni za yunjin. Angalia kama nyeupe imekuwa njano pale tu penye fremu, na kama ukingo wenye jina haujakatwa ili kuipata fremu ndogo. Ukingo ukikatwa, sehemu kubwa ya thamani imekatwa nao.

Wadudu wameingia kwenye sanduku langu. Nimeweka naftalini na kafuri pamoja ili dawa iwe kali.

Zitoe leo. Naftalini na kafuri zikigusana huyeyuka zenyewe na kuacha majimaji ya mafuta yanayotia madoa. Hata moja peke yake isiguse hariri wala karatasi.

Mjue mdudu. Mwembamba wa rangi ya fedha, asiye na mbawa, anakula wanga wa gundi. Atakuachia karatasi iliyokwanguliwa juujuu. Viluwiluwi vya nondo na vya mbawakawa wa mazulia hula hariri yenyewe. Tundu la duara linalopenya tabaka zote za gombo ni la mdudu. Tundu lililo kwenye picha lakini halipo kwenye karatasi ya nyuma yake ni la zamani kuliko uwambaji wa sasa, au ni la mghushi.

Vitambaa visivyo na rangi za kupakwa vinaweza kugandishwa: vifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, viweke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha viache nje siku nzima kabla ya kufungua mfuko, ili unyevu utande juu ya plastiki na siyo juu ya hariri. Magombo yaliyochorwa usiyagandishe bila mtaalamu. Yafungue, yatenge, yasafishe kwa brashi laini, na uchunguze sanduku kwa wiki kadhaa kabla ya kuyarudisha.

Nitasafiri China na ningependa kurudi na gombo la zamani. Kuna sheria gani?

Kwa kanuni ya jumla, vitu vya kale vya kabla ya 1911 haviruhusiwi kutoka. Vya kabla ya 1949 lazima vikaguliwe na mamlaka ya urithi wa utamaduni, na vikipita hupewa cheti na alama ya lakiri nyekundu. Ipo pia orodha ya wachoraji wa karibuni ambao kazi zao haziruhusiwi au zina masharti. Kagua kabla ya kulipa. Kauli ya muuzaji kwamba "hakuna shida" haitakusaidia mbele ya forodha. Na ukinunua nje ya China gombo lenye lakiri ndogo nyekundu kwenye gongo au mgongoni, usiibandue hata kama inakuchukiza kwa sura. Ndiyo karatasi ya safari ya kitu hicho.